Taya

Walukuba ilijengwa kwa rula:
nyumba pacha, bomba moja kila safu,
na sisi tumemwagwa humo kama mbegu za mifuko tofauti.
Babake Drani aliletwa kutoka Arua na kiwanda cha nguo.
Mamake Ojambo alianika mukene, tukanuka sote.
Akina Fadimula walisema kwao ni Bombo,
ingawa wote saba walizaliwa nyumba namba kumi na mbili.
Ndani, kila mlango na lugha yake.
Nje, Kiswahili: kibovu, cha vumbi,
hakikujua ngeli, kilijua kugombana.
"Weye nakufa! Toka!"
Na aliyekufa alitoka, akakaa ukingoni, akasubiri kufufuliwa.

Ligaya alikuja mwaka ule bwawa lilipokuwa likikarabatiwa.
Babake alikuwa fundi wa mitambo, Mfilipino,
na nyumba yao ilikuwa kule juu, kwenye nyasi zilizokatwa.
Siku tatu alisimama kando ya kwepena yetu, kimya.
Ya nne alikuja na kopo la maziwa ya unga.
Akalisimika katikati ya njia,
akachora mstari kwa kisigino,
akavua kandambili moja, ya buluu,
akamnyooshea Ojambo kidole:
"Taya!"

Ojambo akajishika taya.
Jino lilikuwa linamuuma wiki ile.
Tukasema, huyu mtoto ni mganga.
"Taya," alirudia, akamsukuma hadi kwenye kopo,
na Ojambo akalinda, mkono mmoja shavuni
kama mama aliyeletewa habari mbaya,
huku kandambili zikimpita masikioni:
ya Drani, iliyoshonwa kwa waya,
ya Nabirye, ambayo kwa kweli ilikuwa ya mamake,
yangu ya kushoto; zangu zote mbili zilikuwa za kushoto.
Kopo likaanguka. Kelele ile!
Ligaya alicheka mpaka akakaa chini,
na ilipofika zamu yake ya kulinda
naye akajishika taya.
Ikawa sheria.

Mkataba wa babake uliisha likizo ya Agosti. Hatukuagana.
Kandambili ya buluu ilibaki juu ya paa la choo,
ikapauka pale masika baada ya masika.

Juzi, ofisi ya vitambulisho, karani aliniuliza kwetu wapi.
Walukuba.
"Huo ni mtaa wa kupanga. Nauliza kwenu."
Nikataja kijiji cha babu, kule Pallisa,
nilichokiona mara mbili, zote mazikoni.
Akaandika. Kalamu haikusita.

Ojambo sasa ni mlinzi Doha.
Alinitumia sauti usiku, akinong'ona:
nyuma ya bweni Wafilipino wana kopo, wana kandambili,
mmoja akapaza, "Taya!"
na mkono wangu, ndugu, ulikuwa shavuni
kabla sijajua umetoka mfukoni.
Wakanitazama.
Wao hawashiki kitu.

Na wiki hii mwalimu wa Kainza, binti yangu,
amewaambia walete mchezo wa asili, kila mtoto wa kwao.
Mmoja alileta ubao wa mweso wa babu yake.
Mwingine alichora sonko, mstari ukapinda, akafuta, akachora.
Kainza alibeba kopo.
"Mbona mnajishika taya?" mwalimu aliuliza, daftari wazi.
"Hapo zamani za kale," akasema bila kupepesa,
"Walukuba ilikuwa na mfalme. Aliumwa jino,
na bado akailinda nchi."

Mwalimu akaandika.
Nilikuwa nimesimama mlangoni, ukweli wote mdomoni.
Nikauzuia hapo hapo,
kwa mkono,
shavuni.